Mkono wa Mteja, Jicho la Mshauri

Machi 2020, nchi nyingi zilipofunga milango kwa sababu ya UVIKO-19, washauri nasaha wanaotegemea mazungumzo walihamia kwenye simu na kompyuta bila kubadili mengi. Waliobaki wakikuna vichwa ni wale ambao tiba yao hupitia mwilini.

Chukua EMDR, tiba ya kiwewe inayotumia mwendo wa macho. Mshauri hukaa karibu na mteja, upande kidogo, akapitisha vidole viwili mbele ya macho yake, kushoto kulia, kushoto kulia, huku mteja akilishika akilini tukio lililomuumiza. Mwanzilishi wa tiba hiyo, mwanasaikolojia Mmarekani Francine Shapiro, aliliona jambo hilo mwaka 1987 akitembea bustanini huko California: mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali macho yake yalipokwenda huku na huku. Alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989, na wapo waliomwona mbabaishaji. Hata hivyo, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka EMDR katika miongozo yake kama mojawapo ya tiba za kiwewe linazozipendekeza.

Ukizipitia hatua zake nane, utaona maneno na mwili vimesukwa pamoja tangu mwanzo. Kabla macho hayajaanza safari, mteja huulizwa: picha ipi ni mbaya kuliko zote? Inakufanya ujione mtu wa namna gani? Uchungu wake ni kiasi gani, kutoka 0 hadi 10? Halafu linakuja swali ambalo maongezi ya kawaida huliruka: uchungu huo unausikia wapi mwilini? Kifuani, tumboni, kooni? Ndipo macho yanaendeshwa kwa nusu dakika hivi, mteja anavuta pumzi, anasema kilichojitokeza, na mzunguko mwingine unaanza. Hatua ya sita nzima ni ya kuukagua mwili toka utosini hadi unyayoni, kwani mtu huweza kutamka kwamba amesamehe huku taya limekaza.

Sasa weka haya yote kwenye simu. Zilipatikana programu zenye kidoti kinachokwenda upande hadi upande, na kwenye kioo kipana cha kompyuta zinafaa. Kwenye kioo cha simu, chenye upana usiozidi kiganja, macho hayana pa kwenda, na mtandao ukisuasua kidoti nacho kinaganda.

Suluhisho lililofaa zaidi halikubuniwa kwa ajili ya intaneti. Oktoba 1997 kimbunga Pauline kiliipiga Acapulco, Meksiko. Mwaka uliofuata Lucina Artigas, akiwahudumia walionusurika, alibuni kinachoitwa kumbatio la kipepeo, akaliendeleza pamoja na Ignacio Jarero. Mteja hupishanisha mikono kifuani, ncha ya kidole cha kati ikikaa chini ya mtulinga wa upande wa pili, kisha viganja vinagonga kwa zamu, taratibu. Kwa njia hiyo kundi zima la watoto liliweza kuhudumiwa kwa wakati mmoja bila mshauri kumfikia kila mmoja kwa vidole vyake.

Hapo ndipo ufundi ulipo: kazi ya mwili imetoka kwenye mkono wa mshauri ikaingia kwenye mkono wa mteja. Bando likikata, mikono haikatiki.

Lakini nisilipambe mno kumbatio hilo. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wanajenga hoja kwamba akili ina nafasi finyu ya kushika mambo mawili kwa pamoja. Ukiikumbuka ajali huku unafuata kidole, picha ya ajali hufifia. Hoja hiyo ikiwa sahihi, shughuli nyepesi haitoshi, na kujigonga kifuani kwa mwendo uleule huzoeleka upesi. Kwa mantiki hiyo inafaa kubadilisha kasi kila mara, au kumwomba mteja apeleke macho kona hadi kona ya chumba chake. Wapo pia wanaoshikilia kwamba macho hayana kazi yoyote, kinachoponya ni kulikabili tukio lenyewe. Ubishi huo haujaisha.

Kwa maoni yangu, hasara kubwa ya mtandaoni iko kwenye jicho la mshauri. Ofisini anaona mguu unaotikisika chini ya kiti na pumzi iliyopanda hadi mabegani. Kamera ya simu inampa uso tu, tena mara nyingi paji la uso na dari. Simu ikiegemezwa na mteja akarudi nyuma, kifua na mikono vitaonekana. Yaliyobaki lazima yaulizwe kwa mdomo. Tuseme mteja ni mama aliyenusurika ajali ya basi:

“Mama, hapo umenyamaza. Miguu inakanyaga chini?”

“Inakanyaga, ila magoti yamelegea.”

“Haya, tubaki na hayo magoti kidogo. Usinieleze bado.”

Maneno yamegeuka kuwa macho. Na sauti tupu inaweza kubeba mengi. Eugene Gendlin, mwanafalsafa aliyefanya kazi na mwanasaikolojia Carl Rogers katika Chuo Kikuu cha Chicago, alichunguza pamoja na wenzake kanda za vikao ili kujua nani hunufaika na tiba. Hawakuwa wasemaji hodari. Ni wale waliosita katikati ya sentensi, wakapapasa ndani yao kitu ambacho hakijapata neno, wakajirekebisha. Mbinu aliyoitoa humo aliieleza mwaka 1978 katika kitabu chake Focusing. Waliosikiliza zile kanda hawakuwa na sura ya kutazama.

Tatizo ni kwamba kanda haikatiki katikati. Kwenye simu, ukimya wa mteja aliyezama na ukimya wa mtandao ulioanguka vinafanana kabisa. Ishara ndogo ya kukubaliana mapema, kama kugonga meza mara mbili, inaondoa utata huo. Kabla ya kulifungua tukio, mshauri ajue pia mteja yuko wapi, nani yuko jirani, na mawasiliano yakikatika nani atapiga. Mteja anayepotea kabisa akikumbuka, hata asijue yuko wapi, nisingemfungulia tukio mtandaoni, na anayeishi nyumba moja na aliyemdhuru vivyo hivyo.

Si lazima mchanganyiko wa maneno na mwili uwe mzito hivyo. Problem Management Plus, mpango wa Shirika la Afya Duniani uliojaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii, una vikao vitano: kupumua taratibu hufundishwa kwanza, kutatua shida kwa mazungumzo hufuata. Majaribio hayo yalikuwa ya ana kwa ana, ila kupumua taratibu hakuhitaji hata video.

Kinachosahaulika zaidi ni kufunga kikao. Ofisini mteja ana safari ya kurudi nyumbani akitulia njiani. Mtandaoni, akikata simu, papo hapo mtoto anamwita jikoni. Dakika za kumrudisha, ataje vitu anavyoviona chumbani na apange saa inayofuata, zitengwe tangu mwanzo wa kikao, zisiombwe mwishoni bando likiwa linaisha.