Lebo Imepimwa kwa Panya, Ziwa Lina Samaki

Ingia duka lolote la pembejeo hapa Mwanza, chukua chupa ya dawa ya wadudu, uizungushe. Chini ya lebo utaona mkanda wa rangi: nyekundu, njano, bluu au kijani. Wengi tunausoma kama taa za barabarani. Nyekundu simama, kijani pita.

Sasa, rangi hizo zinamsemea nani? Zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, WHO, na madaraja hayo yametokana hasa na kiasi cha sumu kinachoua panya wa maabara akiimeza au ikimpenya kwenye ngozi. Ni kipimo cha kumlinda mtu anayebeba bomba la kupulizia asidhurike papo hapo. Kwa kazi hiyo kinafaa. Ila samaki hawamo kabisa.

Chukua endosulfani, ambayo wakulima wengi wa pamba waliifahamu kwa jina la Thiodan. WHO iliiweka daraja la II, yaani njano, sumu ya wastani. Kwa samaki hakuna cha wastani hapo: baadhi yao hufa kwenye maji yenye takribani mikrogramu 1 tu kwa lita. Dunia iliiingiza kwenye orodha ya kupigwa marufuku ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011. Kabla ya hapo, aliyeamini rangi ya chupa hakuwa na sababu ya kuwahurumia sato.

Na hili si jambo la darasani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa sababu ya taarifa za watu kuvua kwa kutumia viuatilifu. Tanzania, Kenya na Uganda zote zilifungiwa. Haikujalisha sumu ilimwagwa upande gani wa mpaka.

Hapa ndipo mfumo wa GHS unapostahili sifa. Huu ni utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kupanga kemikali kwa hatari zake na kuziwekea lebo zinazofanana, na toleo lake la kwanza lilichapishwa 2003. Una alama tisa ndani ya almasi yenye mpaka mwekundu, na mojawapo ni mti uliokauka na samaki aliyekufa. Kipimo chake ni wazi: kama nusu ya samaki wa majaribio wanakufa ndani ya saa 96 kwenye miligramu 1 kwa lita au pungufu, kemikali inaingia daraja la kwanza la hatari kwa viumbe wa majini. Endosulfani inaweza kuua kwa kiasi kidogo kuliko hapo mara elfu moja hivi. Yaani swali ambalo mkanda wa rangi haukuuliza, GHS inauliza.

Lakini tusishangilie mapema. Kasoro naziona tatu.

Ya kwanza: GHS haimlazimishi mtu. Kila nchi, na kila mamlaka ndani ya nchi, huchagua vipande inavyovitaka. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, kwa mfano, iliuchukua mfumo huu bila sehemu ya mazingira, kwa kuwa mazingira si kazi yake. Kwetu, kemikali za viwandani na majumbani ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya 2003, na viuatilifu viko chini ya TPHPA kwa sheria ya 2020. Kenya na Uganda nao wana taasisi zao. Kila mmoja akichagua kivyake, dawa ileile inaweza kuvuka Sirari au Mutukula ikiwa na samaki kwenye lebo upande mmoja, na upande wa pili haina.

Ya pili ni maneno. GHS ina maneno mawili tu ya kushtua, tuseme kwa Kiswahili "Hatari" kwa lililo kali zaidi na "Onyo" kwa lililo chini yake. Kemikali iwe kali vipi kwa samaki, kwa kosa hilo peke yake haipati "Hatari", inaishia "Onyo". Halafu kitabu chenyewe hutolewa kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Kazi ya kukubaliana maneno ni yetu, na si ndogo, maana mtaani chupa hiyo inaitwa "dawa". Neno moja la tahadhari linashindana na jina zuri namna hiyo.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa. Kwa mvuvi haramu, picha ya samaki aliyekufa ni tangazo la biashara. Inamwonyesha chupa ya kununua. Na dawa ikipimwa kwenye chupa ya soda, lebo yote inabaki dukani.

Kwa hiyo, ukisikia Jumuiya ya Afrika Mashariki inazungumzia kuoanisha lebo za kemikali, usiridhike na habari kwamba mizigo itapita haraka mpakani. Uliza mambo matatu. Je, alama ya samaki itakuwa ya lazima kwa nchi zote zinazomwaga maji ziwani, na kwa taasisi zote? Je, kutakuwa na orodha moja ya Kiswahili, inayosema "inaua samaki" badala ya "ina madhara kwa mazingira ya majini"? Na je, chupa yenye alama hiyo itauzwa kwa mtu yeyote tu, na kwa kupimiwa?

Mto Simiyu unapita kwenye nchi ya pamba kabla ya kuingia Ghuba ya Speke. Mvua kubwa ikinyesha, kilichobaki shambani kinafuata maji hadi ziwani. Kanuni ya lebo inapaswa kuanza na ukweli huo. Mpaka sasa tumeanza na panya.