Kabla ya Kushusha Giaboksi

Magari mengi yanayoteremshwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa huanza kuchunwa nyaya kabla hata hayajazoea barabara zetu, na mara nyingi chanzo ni redio. Japani masafa ya FM huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari ya huko hukomea 90. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Kwa hiyo mwenye gari hubadilisha redio, au hufungiwa kifaa cha kupanua masafa. Dashibodi ikishafunguliwa, tamaa nayo hufunguka: alamu, kamera ya nyuma, taa za LED, kifaa cha kufuatilia gari, spika za buti na amplifaya yake. Vingine hufungwa kwa amri. Nchini Kenya, zile kanuni zinazojulikana kwa jina la waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zililazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo ili zisivuke kilomita 80 kwa saa. Kila kifaa cha namna hii kinataka umeme, na baadhi vinataka habari pia: gari linakwenda kasi gani, breki imekanyagwa au la. Vyote hivyo huchotwa kwenye waya uliokuwa na kazi yake nyingine. Haupiti muda, gari la otomatiki linaanza vituko. Gia inaingia kwa kishindo, mshale wa spidi unarukaruka, gari linang'ang'ania gia ya tatu kutoka taa za barabarani hadi nyumbani, na mwenye gari anatajiwa neno analoliogopa kuliko yote: giaboksi.

Ufundi ninaotaka kuusifu huanzia hapo, na hauhitaji jeki wala mnyororo. Ni ufundi wa kuthibitisha. Fundi umeme wa magari aliyekomaa huletewa sadfa, kwamba gari lilikuwa zima, likafungwa kitu, likaharibika, naye kazi yake ni kuigeuza sadfa hiyo kuwa ushahidi au kuitupilia mbali. Katika gereji zetu makosa mawili hutawala, na yote mawili ni ya watu wenye haraka. Yuko asiyeuliza kitu gani kiliguswa mwisho, anayesikia kishindo cha gia na kwenda moja kwa moja kwenye bei ya giaboksi ya mtumba. Yuko pia anayeuliza swali hilo kisha akalifanya ndiyo hukumu: umefunga alamu, basi ni alamu. Huyu wa pili anaonekana mwerevu zaidi, lakini kwa kipimo changu wote wawili hawajapima kitu.

Wanaoshangaa redio au spika zinahusianaje na gia wasilaumiwe, kwa maana zamani uhusiano huo ulikuwa mdogo. Giaboksi ya otomatiki ya siku hizi ni mashine ya oili inayopokea amri za umeme. Ndani yake mna solenoidi zinazofungua na kufunga njia za oili, na nyingi za zile za kubadili gia zina ukinzani wa omu 11 hadi 15, maana yake zinavuta takriban ampia moja tu. Umeme mdogo kiasi hicho hauhimili kuibiwa njiani. Isitoshe, katika giaboksi nyingi solenoidi ya shinikizo imeundwa hivi kwamba mkondo wa umeme ukipungua, shinikizo la oili linapanda, ili klachi zisiteleze zikaungua. Kwa hiyo kile kishindo ambacho dereva anakisikia kama chuma kinachovunjika huenda ni mashine inayojihami. Kung'ang'ania gia moja nako ni hivyo hivyo: kompyuta imekosa habari ya kuaminika, imeziachia solenoidi zake, na imebakisha gia moja ya kulifikisha gari gereji. Mtu anayeshusha giaboksi kwa dalili hizo peke yake anaadhibu kiungo kilichotii.

Tazama kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote, cha upande wa ethi. Wengi hufuatilia umeme unakokwenda, wachache hufuatilia unakorudi. Kumbe kila ampia inayotoka lazima irudi, na njia yake ni bodi la gari, kebo nene ya betri, na ule mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha bodi na injini. Kwenye miji ya pwani chumvi ya hewani huzila bolti za njia hiyo kimyakimya, na miaka inapita bila dalili kwa sababu hakuna mzigo mkubwa wa kuifichua. Kisha inafungwa amplifaya inayoweza kuvuta ampia 50 muziki ukipamba moto. Kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 inatosha kueleza yanayofuata: ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, ambao mita ya kawaida ikiwekwa kupima omu haiwezi hata kuuona, unakula nusu volti kwa mkondo huo. Umeme uliobanwa njia kuu hutafuta vichochoro, ukapita kwenye ethi ya sensa, wakati mwingine hata kwenye kebo ya gia, ambayo hupata moto stata inapopigwa. Fundi anayejua anaiacha injini iungurume, anawasha taa kubwa, feni na muziki, anaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nguzo yenyewe wala si kibano chake, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha giaboksi, kisha kwenye bodi. Ikisoma chini ya volti 0.2, anahamia kwingine. Ikisoma 0.8, ameshapata pa kushika: anaisogeza ncha hatua kwa hatua, kibano, kebo, bolti, mkanda, mpaka tarakimu inaporuka. Hapo katikati ya usomaji mdogo na mkubwa ndipo penye ubovu, na dawa yake mara nyingi ni msasa na spana. Testa ya taa isingemfikisha huko, kwa sababu balbu yake hutosheka na umeme kidogo mno. Hata waya uliobakiza uzi mmoja utaiwasha vizuri, na fundi ataondoka akiamini njia ni nzima.

Upande wa habari una hila zake. Kidhibiti mwendo mara nyingi husoma kasi kwenye waya wa sensa ya spidi, na katika magari mengi sensa hiyo ndiyo inayoijulisha kompyuta wakati wa kupanda na kushuka gia. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuvishwa tepu nyeusi kikilegea kwa joto, mapigo ya sensa hukatika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kompyuta inaamini gari lililokuwa likienda kilomita 70 limesimama. Waya wa taa za breki nao una siri kubwa kuliko taa. Ukibaki na umeme muda wote kwa sababu mtu ameuunga vibaya, konveta ya giaboksi haifungi, injini inazunguka kasi kupita kiasi barabara kuu na mafuta yanakwenda. Fyuzi yake ikiungua, magari mengi hugoma kabisa kutoka kwenye P. Zile nyaya mbili zilizosokotana za mtandao wa CAN, unaounganisha kompyuta za gari na ambao Bosch waliutambulisha mwaka 1986, zina kipimo ninachokipenda kwa usafi wake. Betri ikiwa imetolewa, kwenye tundu namba 6 na 14 za soketi ya dayagnosi mita inapaswa kusoma karibu omu 60, kwa kuwa mtandao una vizuizi viwili vya omu 120. Ikisoma 40, kipo cha tatu ambacho kiwanda hakikukiweka, na hapo ndipo mwenye gari anapokumbuka kwamba kuna kifaa kilifungwa.

Mtu atauliza: na kama ni sadfa kweli? Swali hili lina uzito, na ndilo linalowatenga mafundi na wabahatishaji. Gari la mtumba huja na uchakavu wake. Oili ya giaboksi iliyoungua haikusubiri redio mpya, na daiodi mbovu ya altaneta huingiza mawimbi yanayoweza kuvuruga sensa na kuifanya gia isitulie, hata kama gari halijaongezewa kitu. Mita ikigeuzwa upande wa AC na kuwekwa kwenye betri injini ikiunguruma, ikasoma zaidi ya nusu volti, altaneta ina kesi ya kujibu kabla ya alamu. Ndiyo maana kipimo cha mwisho ni cha kwenda na kurudi: kifaa kinatolewa, gari linaendeshwa, kinarudishwa, gari linaendeshwa tena. Tatizo likiondoka na kurudi pamoja nacho, kesi imekwisha. Kuchomoa fyuzi ya kifaa hakutoshi, kwa maana kifaa kisicho na umeme bado kimeng'ata waya wa sensa. Ni lazima kitenguliwe pale kilipoungwa. Kazi hii inachosha, na sioni njia ya mkato.

Wengine watasema mashine ya kusoma kodi za hitilafu imemaliza ubishi huu. Inasaidia sana, na fundi anayeikataa kwa majivuno ananyima wateja wake haki. Lakini kodi P0700 inasema tu kwamba mfumo wa giaboksi una lalamiko, na U0100 kwamba kompyuta ya injini haisikiki. Hakuna hata moja inayotaja bolti. Tena, kompyuta hupima kila kitu kwa kulinganisha na ethi yake yenyewe. Ethi hiyo ikipanda nusu volti, vipimo vyake vyote vinapotoka pamoja, nayo itamshitaki shahidi mkweli kwa nia njema kabisa. Mashine inamfikisha fundi mtaani. Nyumba ataitafuta kwa mita.

Pingamizi gumu zaidi ni la pesa. Mteja aliyelipia kipuri anarudi nacho mkononi, aliyelipia kupimiwa anarudi mikono mitupu, na swali lake linajulikana: umebadilisha nini? Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au barabara ya Kirinyaga giaboksi iko tayari, ina bei, inaonekana. Zaidi ya hapo, wakati mwingine ikibadilishwa gari linapona kweli. Ila hakuna giaboksi inayoshushwa bila kufungua nyaya na bolti zake za ethi, na zinaporudishwa hukazwa upya kwenye chuma kilichokwanguliwa. Huenda mteja amenunua giaboksi nzima kama njia ghali ya kukaza bolti, na kwa kuwa gari limepona, fundi mbahatishaji anapata sifa na kesho anarudia.

Kwa hiyo ukifungiwa kifaa chochote, mwambie mfungaji akuandikie kwenye karatasi ameunga waya gani na wapi, na karatasi hiyo ikae garini. Gari likianza vituko, mtajie fundi kila kilichoongezwa, hata kile cha aibu kilichofungwa kwa bei ya kutupa. Mficha uchi hazai. Na akikurudishia gari zima bila kipuri kipya, baada ya saa tatu za kupima na dakika kumi za msasa, usimpunguzie hela.