Msumeno na Fundi Wake

Wazee husema ya kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ni kweli; lakini msumeno haujishiki wenyewe. Hushikwa na fundi, na fundi mwema hutazama akatapo. Neno hili twapenda kulikumbusha kwa wenzetu walimu, sisi tupewao kipenga siku za michezo ya shule.

Mwaka mmoja huku kwetu, kati ya Musoma na Bunda, watoto walishindana mbio za mita 1500. Njia ilichorwa kwa majivu. Katika kona ya mwisho ndama aliingia kiwanjani. Mtoto aliyetangulia, asiye na viatu, akamkwepa, akakanyaga hatua mbili ndani ya mstari, akarudi, akashinda kwa mbali. Mwamuzi akamfuta. Sisi tulikuwa miongoni mwa waamuzi, tukanyamaza. Mtoto hakulia, alichukua shati lake akaenda zake, wala hakukimbia tena katika michezo yetu.

Tusidhani ya kuwa jambo hili ni la vijijini tu. Mwaka 2024, katika Michezo ya Olimpiki mjini Paris, Faith Kipyegon wa Kenya alikuwa wa pili katika mbio za mita 5000, nyuma ya Beatrice Chebet. Njiani yeye na Gudaf Tsegay wa Ethiopia walisukumana wakigombania nafasi. Waamuzi wakamfuta Kipyegon kwamba alimzuia mwenziwe. Wakenya wakakata rufani; waliosikiliza rufani wakaona kosa lile halistahili adhabu kubwa hivyo, wakamrudishia nishani yake ya fedha. Twawasifu, maana hawakuuliza tu kama miili iligusana, bali waliipima adhabu kwa uzito wa kosa.

Lakini mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, Ezekiel Kemboi wa Kenya alimaliza wa tatu katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Wafaransa wakalalamika ya kuwa alikanyaga nje ya mpaka wa njia. Akafutwa, na nishani ya shaba akapewa Mfaransa Mahiedine Mekhissi. Wengi walinung'unika. Sisi twasema waamuzi wale hawakukosa, kwa maana sheria ya wakati ule haikuwaachia nafasi. Miaka iliyofuata sheria yenyewe ikalegezwa: akanyagaye mara moja katika kona, bila kupata faida wala kumsukuma mtu, husamehewa. Basi kosa lilikuwa la sheria, nayo ikatengenezwa mahali pake, yaani mezani, si uwanjani.

Je, yule mtoto wetu? Hatusemi mwamuzi angaliufumbia macho mstari. Twasema ndama yule alikuwa kosa letu sisi tulioandaa kiwanja, nasi tukamlipisha mtoto deni letu. Sheria za riadha humpa mwamuzi uwezo wa kuamuru mbio zirudiwe, mkimbiaji akizuiwa. Na katika mpira, Sheria ya 5 humwagiza refa kuamua kwa kufuata sheria pamoja na roho ya mchezo. Humwacha mfungaji aendelee, ikiwa kupiga kipenga kungemfaidia aliyekosa. Kwa hiyo busara si adui wa sheria. Imo ndani yake.

Hata hivyo tujihadhari. Tumewaona waamuzi wenye huruma nyingi kwa shule zao na msumeno mkali kwa shule za wenzao. Hiyo si huruma, ni upendeleo. Mwenye kipenga na ajiulize mambo matatu: Je, aliyekosa alipata faida? Je, yuko aliyedhurika? Je, ningalimtendea vivi hivi mtoto nisiyemjua baba yake? Asipoweza kujibu la tatu kwa moyo mweupe, na ashike sheria kama ilivyoandikwa.

Mtume Paulo alimfundisha Timotheo ya kuwa ashindanaye hapewi taji asipofuata sheria. Naye Bwana wetu aliwaonyesha Mafarisayo sababu ya kuwekwa Sabato. Mafundisho haya mawili hayapingani. Na tuyachukue yote mawili kiwanjani, na kabla ya kupuliza kipenga tuwafukuze ndama.