Mkono Unaoujua Muthiriti

Juu ya Runyenjes, kwenye kijia kinachopanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, nilimwona nyanya mmoja akiinama penye kichaka ambacho sote tulikuwa tumekipita. Ua hakuliangalia kwanza. Alishika kitawi, akapapasa jani mgongoni, akalifikicha, akanusa. "Huu ndio muthiriti, mjukuu wangu. Ule wa kule chini ni jirani tu."

Wa kule chini ulikuwa lantana, wenye maua ya manjano na machungwa na shina la vijiiba vilivyopinda. Huo uliletwa kutoka Amerika kupamba bustani na kuzungushia boma. Leo umemeza malisho, na ng'ombe akiula hudhurika. Muthiriti, ambao wanasayansi huuita Lippia, ni wa familia hiyohiyo ya vabena, ila wenyewe ni mwenyeji. Maua yake meupe ni madogo mno, yamebanana katika vichwa vinavyochomoza kwapani mwa majani, na jani lake hukwaruza kidole. Harufu yake haikutoki mkononi hadi jioni.

Kazi ngumu ni kuutenga na jamii ya mnanaa, maana nao wana harufu na mara nyingi shina la pembe nne. Hapo sharti ulipasue ua lenyewe. Katika mnanaa wa kawaida, ovari imegawanyika vinundu vinne na kijiti cha kike huchipuka chini katikati yake. Katika vabena, kijiti hicho husimama kileleni. Ua lina urefu wa milimita chache tu. Yataka lensi, mkono uliotulia na subira. Hata wataalamu hurudi nyuma: muuru, mti wa mbao wanaojivunia Wameru, ulihesabiwa vabena miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kwa mnanaa.

Waliotutangulia waliiheshimu kazi hii. Walikausha matawi kati ya magazeti, wakaandika mahali, mwinuko, rangi ya ua kabla halijanyauka, na jina walilopewa na wenyeji. Watafiti Riley na Brokensha, katika kitabu chao cha mwaka 1988 kuhusu Wambeere wa Embu, walitenga juzuu nzima kwa mimea na matumizi yake. Elimu hiyo waliichota kwa wazee waliojua kutofautisha vichaka kwa vidole.

Sasa tunapiga picha, simu inatoa jina, tunaridhika. Simu hainusi, wala haipapasi mgongo wa jani. Vijana wetu huita lantana kila chenye ua kando ya barabara ya Chuka, kisha panga linapita: mgeni na mwenyeji wanafyekwa pamoja, na mgeni ndiye anayechipua upesi. Inaniuma, kwa kuwa hakuna aliyetulazimisha kusahau.

Wewe mwenye nyanya aliye hai Embu au Meru, mshike mkono umpeleke ukingoni mwa shamba kabla ya kufyeka, na mtoto awe pamoja nanyi. Daftari lisisahaulike.