Boliti Sita za Mota

Fundi umeme mzuri utamjua kwa jinsi anavyokiendea kile kibati kidogo kilichobanwa ubavuni mwa mota. Anakifuta vumbi la unga kwa kidole gumba, anakisoma mpaka mwisho, ndipo anatafuta bisibisi. Fundi mwingine huanza na nyaya, na hapo nimeshaanza kuihurumia mota.

Umeme wa njia tatu unastahili uangalifu huo. Kila fezi hufika kileleni sehemu ya 1/150 ya sekunde baada ya mwenzake, mfano wa watwangaji watatu kwenye kinu kimoja, michi ikishuka kwa zamu bila kugongana. Koili za mota zikipokea zamu hizo, nguvu ya sumaku inazunguka ilhali koili zenyewe zimetulia, na rota inaifuata. Rota hiyo haina brashi wala waya wowote unaoingia kutoka nje. Mikhail Dolivo-Dobrovolsky aliunda mota ya namna hii mwaka 1889, akiwa na kampuni ya AEG huko Berlin, na mota inayosaga mahindi Kibaigwa leo inaendeshwa na kanuni ileile.

Zima umeme, hakikisha umezimika, kisha fungua kiboksi cha nyaya kwenye mota. Utakuta boliti sita kwa safu mbili: chini U1, V1, W1, juu W2, U2, V2. Safu ya juu inaonekana kama imekosewa, kumbe werevu wote uko hapo. Ukivisimamisha vipande vitatu vya shaba, kila kimoja kishike boliti ya chini na iliyo juu yake, mwisho wa koili moja unakutana na mwanzo wa nyingine. Hiyo ni delta. Ukivilaza kwenye safu ya juu, miisho yote mitatu inakutana pamoja, na hiyo ni stari. Shaba ni ileile, boliti ni zilezile.

Nani aamue? Kibati. Kikisema 230/400, koili zake zilisukwa kwa volti 230, kwa hiyo kwenye umeme wetu wa volti 400 mota hiyo ni ya stari. Ukiifunga delta haitagoma. Itaondoka kwa nguvu, mwenye mashine atafurahi, na muda si mrefu harufu ya vanishi iliyoungua itajaa chumba. Kikisema 400/690, mota ni ya delta. Ukiifunga stari, nguvu yake ya kuzungusha inashuka hadi theluthi. Ikiwa tupu inazunguka vizuri kabisa. Mimina mahindi: inalemewa, mkondo unapanda, inachemka. Mota mbili zinaweza kufanana rangi na ukubwa huku zikitaka ufungaji tofauti, ndiyo maana fundi anayefunga kwa kukumbuka kazi ya wiki iliyopita ananitia hofu.

Rangi za nyaya nazo si za kuaminiwa. Kwenye majengo yetu mengi ya zamani fezi ni nyekundu, njano na bluu, na nyeusi ni nyutro. Kebo za sasa zinakuja na kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, bluu ikiwa nyutro. Waya mweusi uliokuwa nyutro kwa baba unaweza kuwa fezi kwa mwanawe. Fundi anapima. Mota yenyewe haihitaji nyutro. Inachohitaji bila mjadala ni ethi, ule waya wa kijani na njano, ukazwe barabara kwenye mwili wa chuma.

Kisha jambo ninalolipenda kuliko yote: kabla mkanda haujavishwa, fundi anawasha na kuzima papo hapo, akiangalia shafti inaelekea wapi. Ikienda kinyume, anazima umeme na kubadilishana fezi mbili, zozote mbili. Kwenye pampu ukaguzi huu una thamani kubwa, maana pampu nyingi zikizunguka kinyume bado hutoa maji, ila machache, na lawama zote zikaangukia kisima.

Inabaki ovalodi, inayowekwa kwenye ampea zilizoandikwa kibatini kwa ufungaji uliochaguliwa. Fezi moja ikipotea, mota yenye mzigo huweza kuendelea kuzunguka kwa mbili zilizobaki, ikivuta mkondo mkubwa mpaka iungue. Ovalodi ndiyo inayoiokoa kwa kukata umeme.

"Fundi, hii kitu inakatakata sana, niongezee kidogo," mama mwenye mashine atasema, wateja wakiwa mlangoni na madebe yao.

"Subiri kidogo, mama, nipime fezi zote kwanza."

Huenda akakuta waya mmoja umelegea kwenye boliti na ngozi yake imeanza kuwa nyeusi kwa joto. Anakata sehemu iliyoungua, anausafisha, anaufunga upya na kukaza nati. Ovalodi anaiacha palepale ilipokuwa.