Kazi Izaayo na Kazi Isiyozaa

Katika mwaka wa 1776 Adam Smith, mwanachuoni wa Uskoti, alitoa kitabu chake kikubwa juu ya utajiri wa mataifa. Humo aligawa kazi za watu mafungu mawili. Kazi izaayo huongeza thamani, na thamani hiyo hukaa ndani ya kitu kiwezacho kuwekwa na kuuzwa. Kazi isiyozaa hutoweka mara iishapo kutendwa. Mfumaji yumo katika fungu la kwanza. Mtumishi wa nyumbani yumo katika la pili, pamoja na mfalme, askari, kasisi, tabibu, mwandishi na mwimbaji. (Smith mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo na mwandishi.)

Msomaji asidhani kuwa hilo lilikuwa tusi. Smith alikiri kuwa kazi ya mtumishi ina thamani yake na yastahili ujira. Aliloliuliza ni mali kiasi gani itabaki mwaka huu ili iajiri watu mwaka ujao, na swali hilo ni la haki. Tena alikuwa mpole kuliko Quesnay wa Ufaransa, ambaye kwake ardhi peke yake ndiyo iliyozaa, na fundi alikuwa tasa.

Quesnay angalipendezwa na Kiplombe, kandokando ya Eldoret, kwa mahindi yake na maziwa. Smith angaliongeza wafumaji wa kiwanda cha Rivatex. Lakini wote wawili wangalimpita mkimbiaji bila kumhesabu. Mwaka wa 1968, huko Mexico, Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1500 kwa muda wa dakika tatu na nusu hivi. Kwa kanuni ya Smith, kazi ile ilikufa pale pale mwisho wa mbio. Hakuna kilichobaki cha kutia ghalani. Hata hivyo, wakimbiaji waliomfuata wamerudi na zawadi kutoka nchi za mbali, wakanunua mashamba, wakajenga Eldoret nyumba za kupangisha na hoteli. Waashi wangapi wamekula kwa miguu ya mtu asiyezaa!

Mtetezi wa Smith atajibu kuwa fedha ile ilihama mfuko tu. Jibu hilo ni dhaifu, kwani mtazamaji aliyelipa alipata alichokitaka. Jean-Baptiste Say alikwisha kulisema jambo hili mwaka wa 1803: shauri la tabibu ni bidhaa isiyoshikika, huzaliwa na kutumiwa kwa wakati mmoja.

Lakini Say naye alipima kwa bei, na hapo ndipo kosa linapobaki mpaka leo. Mtumishi akipika kwa mshahara, kazi yake huhesabiwa. Mama akipika chungu kile kile, haihesabiwi. Uchunguzi wa matumizi ya saa uliofanywa Kenya mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa wanawake hutoa saa nyingi mno kuliko wanaume katika kazi za nyumbani zisizo na malipo. Mama wa Kiplombe akamuapo ng'ombe alfajiri, maziwa yake yamo katika hesabu ya taifa. Kazi ya kuyachemsha ili watoto wake wanywe kabla ya kwenda shule haimo.