Pongezi kwa wapimaji wa karatasi na penseli

Dereva wa bodaboda aliyeumia kichwa anaweza kutoka wodini akitembea, akisalimia kila mtu na kuwataja wanawe wote kwa majina. Ndugu wanashukuru: amepona. Akifika nyumbani anabandika chai na kuisahau motoni, pesa ya kodi anainunulia redio. Majirani wanasema ajali imemtia jeuri.

Kumbe kilichoumia ni ubongo wa mbele, unaotusaidia kupanga, kujizuia na kubadili njia. Ndiyo maana nawapa kongole watoa tiba kwa vitendo na wanasaikolojia tiba, watu wasioridhika na jibu la "sijambo". Wanampa mgonjwa penseli: unganisha 1 na A, A na 2, 2 na B, uendelee hivyo. Kisha, chora saa.

Hapo kwenye saa ndipo ufundi wao unapoonekana. Jaribio la kupima uwezo wa akili liitwalo MoCA, lenye alama 30, linataka mishale ya 11:10. Mwambie Mswahili "saa kumi na moja na dakika kumi", mshale mfupi ataupeleka kwenye 5, na hajakosea! Mpimaji mzuri husema saa tano na dakika kumi.

Wengine humpeleka mgonjwa jikoni, wakatazama kimya kama atakumbuka kuzima jiko. Karatasi haioni yote.

Ukienda kumchukua ndugu yako aliyeumia kichwa, kabla hujasaini karatasi za kutoka, uliza: huyu amepimwa kupanga mambo, au kutembea tu?